Kazi ya konsieji hotelini: kupokea ombi la mgeni na kulifikisha mwisho

Konsieji ndiye mtu ambaye mgeni wa hoteli humwendea anapotaka kitu kisichokuwemo chumbani wala kwenye menyu: meza ya watu sita Jumamosi usiku, tiketi za onyesho lililojaa, gari la alfajiri kwenda uwanja wa ndege, daktari wa meno siku ya sikukuu, sanduku lililosahaulika kwenye treni. Mapokezi wanashughulika na chumba na bili. Konsieji anashughulika na yale yanayomsubiri mgeni nje ya mlango wa hoteli, na baadhi ya yanayomfika akiwa ndani.

Wengi wanaoanza hudhani kazi hii ni kujua mambo mengi. Kujua kunasaidia sana, lakini malalamiko mengi hayatoki huko. Yanatoka pale mgeni alipoambiwa "nitalishughulikia" halafu ikawa kimya. Ombi ni deni tangu linapotamkwa hadi mgeni anapokipata kitu chenyewe, au anapoambiwa wazi, na mapema, kwamba hakitapatikana. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa inalinda jambo hilo moja.

Kabla mgeni wa kwanza hajafika mezani

Fika dakika 20 kabla ya zamu. Soma daftari la zamu kuanzia pale ulipoishia mara ya mwisho, si ukurasa wa leo peke yake, maana ombi lililoandikwa juzi kwa ajili ya leo limelala kurasa za nyuma. Kisha chukua orodha tatu: wageni wanaowasili, wanaoondoka, na shughuli za kumbi za hoteli. Kwenye orodha ya wanaowasili weka alama kwa wenye watoto wachanga, wanaotumia kiti cha magurudumu, waliowahi kukaa hapo, na wanaofika kabla vyumba havijawa tayari. Hao ndio watakaokuja mezani kwako kwanza.

Piga simu mbili au tatu za uhakika: dereva wa safari ya kwanza, mgahawa wenye meza kubwa usiku wa leo, na mtu yeyote anayetarajiwa kuleta kitu kabla ya saa sita mchana. Angalia hali ya hewa, barabara zilizofungwa na migomo ya usafiri. Kazi yote hii haizidi robo saa, na ukiiruka utaikamilisha baadaye mbele ya mgeni aliyekasirika.

Meza yenyewe iwe na ramani, kalamu zinazoandika, bahasha, mkasi, gundi ya karatasi, sindano na uzi, pini, adapta za umeme za aina kadhaa, chaja za simu, tochi, miavuli na mizani ya kupimia masanduku. Mizani hiyo huokoa fedha za wageni: mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa sanduku la daraja la kawaida, na sanduku moja lisizidi kilo 32. Ni heri mgeni apunguze vitu akiwa hotelini kuliko kulifungua sanduku lake mbele ya foleni.

Kupokea ombi

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo usiende mbio. Mgeni akisema "nitafutie mgahawa mzuri kesho", usitaje jina lolote kwanza. Uliza: mko wangapi, mnataka kula saa ngapi, mmezoea chakula cha namna gani, kuna asiyekula kitu fulani, mngependa kutumia kiasi gani, na ni chakula cha kawaida au kuna jambo mnalosherehekea? Swali la mwisho hubadilisha kila kitu. Wawili wanaotimiza miaka 30 ya ndoa na wawili wenye mazungumzo ya biashara hawakai meza moja, hata kama idadi na bajeti ni zilezile.

Andika mgeni akiwa bado amesimama mbele yako. Karatasi ya ombi iwe na mambo haya:

- jina kama lilivyo kwenye mfumo wa hoteli, namba ya chumba, na tarehe ya kuondoka
- siku pamoja na tarehe
- muda kwa saa 24
- idadi ya watu, watoto wakitajwa kwa umri
- mahitaji: mzio, ngazi, kiti cha mtoto, dini, lugha
- kiwango cha fedha na nani analipa
- njia ya kumpata mgeni, na mwisho wa kumpa jibu
- jina lako na saa uliyopokea

Siku na tarehe ziende pamoja kwa sababu "Ijumaa ijayo" ina maana mbili hata kwa watu wa nyumba moja. Sema, "Yaani Ijumaa tarehe 14?" na usubiri akubali. Muda wa saa 24 nao si urembo. Anayezungumza Kiswahili akisikia saa mbili usiku anaelewa ni 20:00, ila akiandika kwa haraka "2" kwenye karatasi, mwenzake wa zamu ya pili atasoma 14:00 au 02:00, na meza itakuwa imepotea. Hivyo hivyo kwa safari za usiku wa manane: ndege inayoruka 00:30 Jumanne tarehe 12 maana yake mgeni anaondoka hotelini Jumatatu tarehe 11 jioni. Mwambie kwa maneno, "Ni usiku wa kuamkia Jumanne, gari litakuwa hapa Jumatatu jioni," kisha andika tarehe zote mbili. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko linavyodhaniwa, na halina dawa baada ya ndege kuondoka.

Ukimaliza kuandika, msomee mgeni ombi lake lote. Halafu ahidi saa ya jibu badala ya kuahidi matokeo: "Nitakupa jibu kabla ya 15:30." Saa hiyo ikifika mpigie hata kama hujapata chochote. Mgeni aliyeambiwa "bado natafuta, nitakupigia tena 17:00" hutulia. Aliyeachwa bila neno huanza kutafuta mwenyewe, na mwisho mnakuwa na nafasi mbili mahali pawili.

Kupendekeza mahali

Toa chaguo mbili, zikizidi sana tatu. Orodha ya kumi inamrudishia mgeni kazi aliyokuletea. Kila chaguo liwe na sababu na liwe na kasoro yake iliyotajwa: "Hapa samaki ni wazuri sana, lakini pana kelele baada ya 21:00." Watu huamini mapendekezo ya mtu anayetaja kasoro, na wana haki ya kufanya hivyo.

Usipendekeze mahali usipopajua. Kila mahali unapopatumia pawe na kadi yake, ya karatasi au ya kompyuta, yenye saa za kufungua, siku ya mapumziko, saa ya oda ya mwisho jikoni, kiwango cha bei, idadi ya ngazi hadi mlangoni, choo kiko orofa gani, watoto wanakubaliwa hadi saa ngapi, nani wa kuzungumza naye, na tarehe uliyohakikisha mara ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote. Kadi iliyopita miezi mitatu bila kuguswa ichukuliwe kuwa ni tetesi, upige simu kwanza. Migahawa hubadili mpishi, makumbusho hufunga ukumbi mmoja kwa ukarabati, na mtandao huendelea kuonyesha saa za zamani.

Kuhesabu ngazi kunaweza kuonekana kupita kiasi. Muulize mgeni aliyepelekwa na gari hadi mlangoni, kisha akakuta ngazi 14 zisizo na mkono wa kushikilia, naye anatembea kwa fimbo. Pita sehemu hizo kwa miguu yako mwenyewe ukiwa huna haraka, na ukifika angalia mlango, mwanga, choo na mahali gari linapoweza kusimama, kabla hujaangalia menyu.

Ukipiga simu kuweka meza, epuka saa za msongamano. Kati ya 10:00 na 11:00, au 15:00 na 17:00, anayepokea ana muda wa kukusikiliza. Uliza meza hushikiliwa dakika ngapi mgeni akichelewa (mara nyingi ni 15), kama kuna malipo ya awali, masharti ya kughairi na mavazi yanayokubalika. Chukua jina la aliyekupokea na uliandike. Siku yenyewe thibitisha tena.

Mzio wa chakula una utaratibu wake. Tofautisha asichopenda mgeni na kinachomdhuru, muulize moja kwa moja, "Ukikila kinakufanya nini?" Akisema anavimba koo au anakosa pumzi, hilo si suala la kumwachia mhudumu wa meza. Zungumza na jikoni, taja kitu chenyewe kwa jina, iwe karanga, mayai, maziwa, ngano, soya, samaki au kamba, na uliza pia kuhusu mafuta ya kukaangia yanayotumika kwa vyakula vyote. Likubaliwe kwa maandishi. Jikoni wakisitasita, tafuta mahali pengine bila kubishana.

Mwisho mpe mgeni kadi ya uthibitisho: jina la nafasi, anwani, simu, siku, tarehe na saa, mavazi, namna ya kufika na masharti ya kughairi. Kama yuko nchi ambayo hasomi lugha yake, anwani iandikwe kwa lugha na herufi za pale ili amwonyeshe dereva, na nyuma ya kadi iwepo anwani ya hoteli kwa ajili ya kurudi.

Tiketi na fedha za mgeni

Usinunue kitu kisichorudishwa bila idhini ya maandishi. Onyesha ramani ya viti, bei, ada ya huduma na masharti, kisha apate kusaini au kujibu kwa ujumbe. "Aliniambia kwa mdomo" haitakusaidia siku atakapokataa kulipa. Ununuzi unaoingia kwenye bili ya chumba uwe na fomu iliyosainiwa na kikomo kilichowekwa na meneja.

Namba ya kadi ya benki usiiandike kwenye daftari la zamu, usiipige picha, usiitume kwa ujumbe. Mwache mgeni alipe mwenyewe kwa kiungo cha malipo au kwa mashine. Fedha taslimu anazokuachia ziwekwe kwenye bahasha yenye namba, zihesabiwe mbele yake, na kila zinapotoka risiti iingie kwenye bahasha hiyohiyo.

Safari ya uwanja wa ndege ihesabiwe kwa kurudi nyuma

Chukua mfano wa ndege ya kimataifa inayoruka 22:40. Mgeni anatakiwa kuwa uwanjani saa tatu kabla, yaani 19:40. Mwendo wa jioni kwa njia hiyo ni dakika 50, kwa hiyo 18:50. Ongeza akiba ya dakika 30 kwa ajali au mvua: gari liondoke 18:20. Dereva awe mlangoni 18:05. Mizigo ichukuliwe chumbani 18:00. Bili ikaguliwe na mgeni 17:45, kwa sababu bili yenye kosa ndiyo huwachelewesha wengi kuliko foleni ya barabarani. Andika saa hizo zote kwenye karatasi moja, ya kwako, ya dereva na ya mgeni.

Pima muda wa mwendo kwa saa ile ya safari. Njia ya dakika 25 saa nne usiku inaweza kuwa ya saa nzima na zaidi jioni ya siku ya kazi. Mkumbushe mgeni kwamba madawati mengi ya kukabidhi mizigo hufungwa dakika 60 kabla ya ndege ya kimataifa kuruka, na kwamba vimiminika kwenye mkoba wa mkononi kwa kawaida visizidi chupa za mililita 100. Hapo ndipo manukato na asali vya zawadi hunyang'anywa.

Hesabu masanduku, si watu tu. Gari dogo la abiria wanne kwa kawaida huchukua masanduku makubwa mawili na mikoba miwili. Familia ya watu wanne yenye masanduku manne inahitaji gari kubwa au magari mawili. Uliza pia kiti cha mtoto kinachofaa umri wake, na hakikisha kimo ndani ya gari kabla halijafika, maana neno "kipo" kutoka kwa mtu wa ofisini mara nyingi humaanisha kipo stoo.

Kwa mgeni anayewasili, dereva apewe namba ya ndege, si saa peke yake, ili aifuatilie ikichelewa. Mgeni apewe simu ya dereva, namba ya gari, na maelezo ya mahali pa kukutania.

Mizigo na vifurushi

Kila mzigo unaowekwa stoo upate lebo ya vipande viwili vyenye namba moja: kimoja kifungwe kwenye mzigo, kingine apewe mgeni. Daftarini andika namba, jina, chumba, idadi, rangi, kasoro inayoonekana kama vile gurudumu lililovunjika, na saa atakayoufuata. Mizigo ya familia moja ifungwe kamba pamoja. Mtu akija bila kipande chake, mwombe kitambulisho, kilinganishwe na jina, aeleze kilichomo, asaini. Masanduku meusi yanafanana, na lililoondoka na mgeni asiye wake linaweza kuwa nchi nyingine kabla hujajua.

Usipokee stoo pasipoti, fedha, vito, dawa za kila siku wala chakula kinachooza. Dawa ya kuwekwa kwenye baridi, kama insulini ambayo haijafunguliwa, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Isiwekwe kugusa sehemu ya kugandisha, kwa sababu ikiganda haifai tena. Iandikwe jina na chumba, na jambo hilo lisomwe kwa sauti wakati wa kukabidhiana zamu.

Kifurushi kinapofika, angalia kama jina limo kwenye mfumo kabla ya kusaini. Andika saa, mleta mzigo, namba ya ufuatiliaji, hali ya boksi, rafu ulipokiweka, mgeni alijulishwa lini, na saini yake alipokichukua. Boksi lililopondeka lipigwe picha mbele ya aliyelileta.

Siri ya mgeni

Mtu akipiga simu na kuuliza, "Fulani yuko chumba gani?", jibu ni lilelile siku zote, awe yupo au hayupo: "Niachie ujumbe wako, kama jina hilo lipo utamfikia." Ukijibu "hayupo" kwa wasiokuwepo na "niachie ujumbe" kwa waliopo, tayari umewataja waliopo. Usilegee kwa anayejitambulisha kuwa mume, mke, bosi au rafiki wa zamani. Askari wakifika, waelekezwe kwa meneja wa zamu, ambaye ataangalia vitambulisho na hati zao.

Namba ya chumba haitamkwi hadharani. Iandike na umwonyeshe mgeni. Ratiba ya mgeni iliyo mezani ifunikwe. Na mgeni maarufu asipigwe picha, asitajwe nyumbani, asiandikwe mtandaoni. Hotelini watu hufukuzwa kwa hilo, na ni sawa.

Ya dharura

Mgeni akilalamika maumivu ya kifua, akipooza upande mmoja, akishindwa kupumua au akipoteza fahamu, piga namba ya dharura ya nchi hiyo kwanza (112 hufanya kazi katika nchi nyingi), kisha meneja na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza. Mtu mmoja asimame getini kuongoza gari la wagonjwa, mwingine ashikilie lifti. Andika saa dalili zilipoanza, madaktari wataiuliza. Kwa homa au kichwa kuuma, usitoe kidonge kutoka mfukoni mwako. Hujui mgeni anatumia dawa gani nyingine. Mwitie daktari wa hoteli au mwelekeze duka la dawa lililo wazi, ambalo kadi yake unayo.

Pasipoti ikipotea, mwombe mgeni akague kisanduku cha usalama chumbani, mifuko ya ndani ya masanduku, na nguo alizopeleka kufuliwa. Isipopatikana, fuata mpangilio huu: taarifa ya upotevu polisi, simu kwa ubalozi wa nchi yake kuuliza saa za kufungua na nyaraka zinazotakiwa, picha za pasipoti, nakala ya pasipoti kama hoteli inayo kwenye kumbukumbu zake, kisha shirika la ndege. Uliza ubalozi kwanza kabla ya kubadili tiketi, maana hati ya muda huweza kuchukua siku kadhaa na ofisi hizo hufungwa wikiendi na katika sikukuu za nchi mbili.

Kusema hapana

Kuna maombi yasiyokubalika: dawa za kulevya, watu wa kununuliwa, habari za mgeni mwingine, nyaraka za kughushi. Sema kwa kifupi na bila mahubiri: "Hilo sitaweza kukusaidia, bwana." Usitoe sababu ndefu, usicheke, usimpe namba ya mtu "atakayejua". Yakihusu mtoto au usalama wa mtu, mjulishe meneja wa zamu papo hapo.

Hapana nyingine ni ya kitu kisichopatikana. Hiyo itolewe mapema, pamoja na ulichojaribu na kilicho karibu nacho: "Usiku wa Jumamosi umejaa. Nimekuweka kwenye orodha ya kungoja, na nimeshikilia Jumapili 19:30 hadi saa sita mchana kesho. Nikuwekee?"

Bahashishi na kamisheni

Bahashishi huiombi, huitegei mkono, na ubora wa huduma haupungui isipokuja. Ikitolewa kwa kazi iliyofanywa na watu watatu, ifike kwa watatu. Mbeba mizigo na mlinda mlango ndio watakaokuokoa kesho.

Kamisheni ni jambo zito zaidi. Kuna wenye magari, waongoza watalii na migahawa wanaolipa kwa kila mgeni unayempeleka. Fuata sera ya hoteli, mweleze meneja kila kinachotolewa, na usipeleke mgeni mahali ambapo usingempeleka bure. Konsieji anayeuza mapendekezo yake anauza kitu pekee alicho nacho, na wageni wanaorudi hugundua safari ya pili.

Daftari la zamu

Mali bila daftari hupotea bila habari, na maombi ni mali ya aina hiyo. Mstari mbaya ni huu: "512 anataka maua." Anayeusoma hajui rangi, saa, nani analipa wala kama yameshaagizwa. Mstari unaofaa unamwambia mwenzako afanye nini:

"Chumba 512. Shada moja la maua meupe, yasiwe yungiyungi (mgeni hupiga chafya). Yawe chumbani 17:00, mgeni anarudi 18:00. Duka limethibitisha 11:20. Yasipofika 16:30 piga simu. Wakishindwa, duka la pili kwenye kadi. Fedha bahasha namba 3. Kadi ya pongezi imeshaandikwa, iko droo ya juu."

Kila ombi lililo wazi libaki na duara pembeni, na duara lijazwe pale tu kitu kimefika. Kuagiza si kumaliza. Wakati wa kubadilishana zamu, pitieni maduara yote kwa mdomo, mkiwa mmesimama pamoja, dakika 10 hadi 15. Anayetoka asiondoke kabla anayeingia hajayarudia yale yenye saa za leo.

Kukua ndani ya kazi

Zamu ni ya kusimama, kwa kawaida kwa muda wa saa nane. Kuwa na jozi mbili za viatu vya kubadilisha, kunywa maji, na ukae kila unaporuhusiwa. Lugha ya tatu ina faida kubwa, hata ikiwa ni ya kiwango cha kusikiliza malalamiko na kueleza njia tu.

Chama cha makonsieji kinachojulikana zaidi ni Les Clefs d'Or, ambacho wanachama wake huvaa funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye kola za koti. Kilianza Paris mwaka 1929, na mwaka 1952 wajumbe wa nchi kadhaa walikutana Cannes wakaunda umoja wa makonsieji wa Ulaya, ambao baadaye ulikuwa wa kimataifa. Masharti ya kujiunga hutofautiana kwa nchi, lakini uzoefu wa miaka kadhaa mezani na udhamini wa wanachama hutakiwa. Faida yake ya kila siku ni simu: mgeni anayesafiri kesho kwenda mji usioujua anaweza kuwekewa meza na mwenzako wa huko anayepajua. Hata kabla ya kuvaa funguo hizo, anza mtandao wako: tembelea makonsieji wa hoteli za jirani, wasaidie bila kuombwa fadhila, na rudisha simu zao.

Mgeni akiondoka, jaza kumbukumbu yake siku hiyohiyo. Andika yanayomsaidia akirudi: hulala upande usio na barabara, hunywa chai bila maziwa, mzio wa kamba, alipenda mgahawa ule na hakuupenda ule, dereva aliyemzoea. Usiandike alikuja na nani, aligombana na nani, wala maoni yako kuhusu tabia yake. Katika nchi nyingi sheria inampa haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yake. Kisha angalia maduara yake yote daftarini, stoo ya mizigo, rafu ya vifurushi na jokofu la dawa kabla chumba hakijapewa mtu mwingine.